Mpiga Mikwaju wa Chumba 214

Simu ililia saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumapili, na Corbin Haskell akajua kabla hajaipokea. Kocha hakupigii saa hizo kukujulia hali.

"Umeamka?" aliuliza Kocha Maddox. Huyu ndiye aliyewasimamia wapiga mikwaju wa Wahunzi, timu ya mpira wa Kimarekani ya Louisville, na hakuwa mtu wa salamu.

"Nimeamka, kocha."

"Mpigaji wetu kipimo kimemkamata. Yuko nyumbani kwake, hata harufu ya kahawa haisikii. Leo ni wewe."

Corbin alikaa kitako kitandani, akasema sawa, kisha akasema tena sawa. Maddox akampangia siku yake: saa moja kupimwa, saa tatu mama anayesimamia mambo ya maambukizi atampigia kumuuliza maswali, saa tatu na nusu gari litakuwa mlangoni, saa saba mchana mechi. "Kula kidogo," akasema, na simu ikakatwa.

Alikuwa na miaka thelathini. Timu sita zilimchukua na zote sita zikamtema kabla msimu haujaanza, na hajawahi kupiga mkwaju hata mmoja katika mechi yenye kuhesabika. Sita, na bado alikuwa hajaacha. Mwaka huo ugonjwa uliivuruga ligi vibaya sana. Mechi za Jumapili zilisogezwa mpaka Jumanne, viti vilikuwa vitupu, na timu iliweza kulala nzima ikaamka imebaki nusu. Wahunzi nao wakafanya kama walivyofanya wengine: wakatafuta mpigaji wa pili, wakamtenga na watu wote, ili wa kwanza akiugua wa pili awe mzima. Ndiyo kazi aliyoajiriwa Corbin, kukaa peke yake asiugue. Wiki kumi na moja sasa, chumba 214, hoteli ya kando ya barabara kuu. Chakula kiliachwa mlangoni. Alipimwa kila asubuhi. Asimsogelee mtu yeyote, na mazoezi apige mwenyewe kwenye uwanja wa shule nyuma ya hoteli, maana shule zilikuwa zimefungwa.

Akamwandikia baba yake huko Nebraska maneno mawili: *Leo napiga.* Jibu lilirudi upesi. *Mama yako analia jikoni. Wajomba nimewaambia kila mtu aangalie kwake. Shati la bahati nimevaa.*

Saa moja muuguzi alimchokonoa pua kule nyuma ya hoteli, wakasubiri robo saa, kipimo kikatoka safi. Corbin alipanda ngazi mbili mbili.

Alipofika juu, trei ya kifungua kinywa ilikuwa tayari mlangoni, na meneja wa hoteli ndiye aliyekuwa akiondoka mikono mitupu. Corbin akasimama. Chakula chake kililetwa siku zote na Bi Verna wa jikoni, si meneja.

"Bi Verna yuko wapi leo?"

"Hajaja," meneja alisema kwa mbali, barakoa usoni. "Binti yake kapiga simu alfajiri. Homa, kikohozi, tangu jana mchana. Labda mafua tu, si unajua hali ya hewa ya sasa."

Corbin aliingia chumbani, akaufunga mlango, na mayai yakapoa huko huko nje.

Hapa inabidi nieleze kitu, maana wasioujua mchezo huu hudhani mpiga mikwaju ni mguu tu. Si mguu tu. Mpira ule una ncha mbili, na hausimami wenyewe. Mwenzako anapiga goti, anaudaka ukirushwa, anausimamisha, anazigeuza nyuzi zake za mshono zisikuelekee wewe, na wakati huo wewe umeshaanza kukimbia. Yote hayo ni sekunde moja na kidogo. Usipomwamini aliyepiga goti, mguu unasita, na mguu ukisita umekwisha. Sasa mtu mmoja atajifunzia wapi hayo akiwa ametengwa? Timu ilimpa Corbin kijiti cha chuma cha kuegemezea mpira. Upepo wa Oktoba ukawa unauangusha. Anausimamisha, anarudi hatua tatu, unaanguka. Wenye akili zao waliopanga mambo ya ugonjwa hawakulifikiria hilo hata kidogo.

Bi Verna Tolliver, mama wa miaka sitini na moja wa jiko la asubuhi, alikuwa akikatiza uwanja huo saa nne akienda kituo cha basi. Siku ya tatu alisimama kwenye uzio.

"Baba, huo mpira utaanguka mpaka Krismasi," alisema.

"Sina wa kunishikia, bibi. Hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi nini, kupiga goti? Nimelea wavulana watatu na wote walicheza. Na pale uwanjani kwenu nimeuza soseji misimu kumi na tisa, upepo wa pale naujua, hutoka mtoni, kushoto. Sogea."

Alikunja aproni yake akaiweka chini ya goti lenye maumivu, akavuta barakoa juu, akavaa glavu za jikoni. Mara ya kwanza aliziacha nyuzi zimemwelekea Corbin. Mara ya kumi hakuziacha tena. Wakawa wanafanya hivyo kila asubuhi yenye mwanga, saa nzima, na kabla ya kila mkwaju alikuwa akisema neno moja lile lile: "Huu hapa, baba." Ilikuwa ni makosa, na Corbin alijua ni makosa. Lakini mguu wake ulikuwa umerudi.

Mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Juzi tu. Kulikuwa na baridi, Bi Verna akashusha barakoa apumue, wakacheka jambo ambalo hata halikumbukiki.

Saa mbili kamili simu ililia tena. Haikuwa hoteli wala kocha. Ilikuwa sauti ya kijana, mchangamfu.

"Haskell? Stroud hapa. Mimi ndiye nitakayekushikia."

Eli Stroud ndiye aliyekuwa akiupiga mpira mbali timu ikikwama, na ndiye aliyekuwa akipiga goti kwa ajili ya mikwaju. Alitaka kujua Corbin anapenda mpira uegemee upande gani.

"Kidogo kuelekea kwako," Corbin alisema. "Kidogo tu."

"Poa. Tukifika tutapata saa moja hivi ya kuzoeana. Itabidi tubanane, kichwa kwa kichwa, samahani, mimi ni mtu wa kunong'ona mahesabu." Akacheka. "Afadhali nikae na mtu leo. Tangu Septemba nalala chini kwenye chumba cha kufulia."

"Kwa nini?"

"Mke wangu. Ana saratani ya damu, dawa zimemmaliza kinga yote. Tunaongea mlango ukiwa katikati. Daktari kasema akifika Krismasi salama napanda juu. Namwachia tu chakula mlangoni, basi. Usijali, mimi nipo makini kuliko nchi nzima. Wewe nawe si umefungiwa? Wewe ndiye mtu salama kuliko wote Kentucky."

"Ndiyo," alisema Corbin.

Alikata simu. Akampigia Maddox. Alijieleza vibaya, maneno yakigongana: kuna mama mmoja, alikuwa akinishikia mpira, anaumwa, kipimo changu safi lakini.

"Sikusikia," Maddox alisema.

"Kocha, nasema kwamba..."

"Nasema sikusikia. Simu inakatikakatika." Haikuwa inakatika. "Nisikilize wewe sasa. Kipimo chako ni safi. Huyo mama huenda amekula kitu kibovu. Tukishindwa leo, msimu wetu ndio basi, na mpigaji mwingine sina, wa kumleta lazima apimwe siku tano kwanza. Denise, yule wa maambukizi, atakuuliza maswali matatu. Ni hapana, hapana, hapana. Umengoja maisha yako yote, Haskell, kwa hapana tatu tu."

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Alipiga simu kwa Bi Verna mara nne, haikupokelewa. Alivaa suti, akafunga tai, akaifungua, akaifunga. Akajiambia ni mafua. Akajiambia watu wangapi wamekohoa mwaka huu na hawakuwa na ugonjwa. Akajiambia kipimo ni kipimo. Na alijua vizuri, kwa sababu walimpa karatasi ya kusoma, kwamba mtu aweza kutoka safi leo na kesho akawa nao, na katikati hapo akawapa wengine. Alimchukia Stroud kwa kumpigia. Asingempigia angekuwa jina tu, goti tu.

Saa tatu kamili. Denise Oyler, msimamizi wa maambukizi wa timu, alikuwa na sauti ya mtu aliyeuliza maswali hayo hayo mara elfu.

"Haya, Haskell, hongera, tumalize upesi. Una homa, kikohozi, umepoteza ladha au harufu?"

"Hapana."

"Siku tano zilizopita, umekaa karibu na mtu yeyote kwa zaidi ya robo saa?"

Dirishani aliliona gari jeusi likiingia mapema, likasimama mbele ya mlango wa hoteli. Dereva akashuka akafuta kioo.

"Haskell? Najaza hapana?"

Akilini aliliona shati la bahati la baba yake, lenye tundu kwenye kiwiko. Aliuona mlango katikati, na sahani sakafuni.

"Ndiyo," alisema. "Nimekaa. Ijumaa, saa nzima. Na mtu huyo anaumwa."

Kalamu ya Denise ilisikika ikiwekwa mezani. "Unaelewa ulichosema," akasema, na halikuwa swali. Kisha kwa sauti ya chini zaidi: "Kaa humo humo. Usitoke." Gari lilisubiri dakika kumi, dereva akapokea simu, akaondoka.

Aliiangalia mechi kwenye televisheni akiwa na suti yake. Stroud ndiye aliyepiga mikwaju, maskini, na mchezaji mmoja wa ulinzi akapiga goti kumshikia, hajui hata nyuzi ziko wapi. Mmoja ulipita chini ya mtambaa wa panya. Wa mwisho, dakika ya mwisho, yadi thelathini na nne, timu ikiwa nyuma kwa pointi mbili na mkwaju ukiwa na tatu, uliondoka vizuri kabisa, upepo wa mtoni ukauchukua kutoka kushoto, ukatoka nje kwa upana wa mkono. Ni mkwaju ambao Corbin angeupiga amefumba macho. Alitoa sauti ambayo jirani wa chumba 216 aliisikia, akagonga ukuta.

Ujumbe wa Maddox ulikuja jioni hiyo. *Karantini ikiisha, fungasha.* Baba yake aliandika tu: *Hatukukuona.* Corbin akamwandikia kwamba ataeleza.

Akapimwa siku kumi mfululizo. Kila asubuhi alichokonolewa pua, na kila asubuhi jibu likawa lile lile. Safi. Safi. Siku kumi, zote safi. Hakuwa nao ugonjwa Jumapili ile, na hakuwa nao baadaye. Angeweza kucheza, na mke wa Stroud asingepata hata chafya. Sitamung'unya maneno: alilia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua amtupie nani.

Siku ya kumi na moja, masanduku yakiwa mlangoni, simu ililia. Ilikuwa namba ya hospitali.

"Baba." Sauti ilikuwa nyembamba, na nyuma yake kitu kilikuwa kikipuliza hewa. "Ni mimi."

"Bi Verna." Akakaa juu ya sanduku.

"Ndio nimeinuka leo. Nilikuwa kwenye mashine, sijui hata siku. Binti yangu hajui mpira, nikimuuliza ananiambia pumzika mama. Nikaona niulize mwenyewe." Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Nilikuwa nahofia nimekuambukiza. Nilihofia kuliko kufa."

"Hukuniambukiza. Nimepimwa mara kumi. Mzima kabisa."

"Ah. Ashukuriwe Mungu." Mashine ikapuliza hewa. "Na walikuita?"

"Waliniita. Jumapili ile ile."

"Nilijua. Ulipiga?"

Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilipiga honi chini.

"Nilipiga," alisema Corbin.

"Yadi ngapi?"

"Thelathini na nne. Dakika ya mwisho."

"Upepo?"

"Wa kushoto. Kutoka mtoni, kama ulivyosema."

"Ukalenga wapi?"

"Nguzo ya kushoto. Nikauacha upepo uulete katikati."

Bi Verna alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Corbin akangoja mpaka kikaisha. "Na huyo mshikaji wenu," akauliza, "nyuzi anazijua?"

"Anajitahidi," Corbin alisema. "Ila hasemi huu hapa."

"Mwambie aseme," alisema Bi Verna. Akachoka hapo, na mtu mwingine akaichukua simu, akaikata taratibu. Aproni aliyoisahau Bi Verna ile Ijumaa ilikuwa bado imekunjwa kwenye begi la mipira, na alama ya goti katikati. Corbin aliitoa, akaiacha mapokezi na jina la Bi Verna juu yake, akatoka kwenda kwenye gari.