Bolti Zilizokataa Sumaku

Sumaku iligoma, na Yoeli akatabasamu peke yake katikati ya rafu za duka la vifaa vya ujenzi. Akajaribu bolti ya pili, ikagoma vilevile. Ya tatu ikanaswa mara moja. Akairudisha kwenye droo kama mtu anayerudisha yai viza.

Sumaku hiyo ilikuwa ndogo kama kidonge. Aliing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akavuka nayo bahari mfukoni, na akikupata una nafasi atakuapia kwamba ndege nzima ilipinda njia kwa ajili yake. Kule kambini alikuwa fundi baiskeli, na sumaku ndiyo iliyomwokoa na wachuuzi waliouza takataka kwa jina la chuma. Chuma kisichoshika kutu hakinaswi. Hilo kila mnunuzi wa sufuria sokoni Kasulu alilijua. Miaka minane ya Columbus, Marekani, haikumpa Yoeli sababu ya kulitilia shaka.

Nyumbani, kwenye maegesho ya nyumba za kupanga karibu na barabara ya Morse, gari la Dafroza lilikuwa juu ya jeki, gurudumu la mbele kushoto limelazwa kando. Dafroza alikuwa mjane wa Azarias, aliyekuwa rafiki wa Yoeli tangu kambini. Machi ile ya 2015 mama huyo alikuwa anahama Buffalo kwenda Louisville, Columbus ikiwa njiani, akae karibu na binti yake Fides aliyekwisha kuposwa, na breki zilikuwa zimemlilia njia nzima.

Chumvi wanayomwaga barabarani Buffalo wakati wa theluji, Yoeli alipenda kusimulia, ni nyingi kiasi kwamba sungura wa kule ukimkamata unaongeza nyanya tu. Chumvi hiyo ilikuwa imezila bolti mbili zinazoshika kibano cha breki, hata kona za vichwa vyake zikawa laini kama peremende iliyonyonywa. Alizipasha moto, akazigonga, akaziomba, na saa mbili zikapita kabla hazijatoka. Duka la vipuri lilimwambia asubiri Jumatatu. Dafroza alitaka kusali Louisville Jumapili.

Kwa hiyo alikuja hapa, kwenye droo hizi. Alilaza bolti kuukuu juu ya mpya, akaziinua kwenye taa: meno yalishikana bila mwanga kupenya. Unene sawa, urefu sawa. Kichwani mwa ile kuukuu kulikuwa na tarakimu chini ya kutu. Hakuzisugua.

Alinunua mbili za breki, na moja ya akiba. Akachukua na ndogondogo, za kibao cha namba na za bati linalokinga joto la bomba la moshi, nazo zote zilikuwa zimekataa sumaku. Alipozifunga, Dafroza alichuchumaa akazitazama, akasema kwamba gari sasa linang'aa chini kuliko juu.

"Shemeji," Yoeli alimwambia akijifuta grisi, "gari hili litaoza, mimi na wewe tutazikwa, na hizi bolti zitabaki zinatuulizia."

Dafroza alicheka mpaka akashika mlango. Yoeli hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu Azarias afe, na jioni ile alikula kwa hamu.

Baada ya wiki mbili simu ilipigwa. Dafroza alieleza kwamba gurudumu lilianza kugonga, ngo, ngo, kila alipokanyaga breki. Mchumba wa Fides, Hyacinthe, kijana Mkongomani wa Uvira aliyefanya kazi ghalani, alilala chini ya gari akakaza bolti. Kesho yake, Dafroza akiteremka kutoka barabara kuu, bolti moja ilikatika, breki ikajikunja ndani ya gurudumu, na gari likajiparuza kwenye ukuta wa zege. Mkono wake ulikuwa umeteguka. Alishukuru Mungu. Tena alitaka Yoeli ajue kwamba hakuna anayemlaumu yeye, maana gari lilikuwa salama mpaka kijana alipoligusa.

Yoeli alikuwa amesimama jikoni. Ndani ya mfuko wa koti lake vidole vilikutana na bolti ya akiba, baridi, vikaiacha. Angeweza kusema kwamba hajui, kwamba waitazame kwanza. Lakini upande wa pili zilikuwa zinasikika sauti za watu, na Yoeli akisikia watu ulimi wake huvaa viatu vya kuchezea.

"Vijana wa siku hizi hukaza bolti kama wanamnyonga jogoo," alisema.

Kicheko kilichotoka kwenye simu kilikuwa cha nyumba nzima. Naye akacheka.

Jumatatu alipeleka ile bolti ya akiba kwenye duka la vipuri.  Muuzaji aliweka bolti ya breki kando yake na kugusa vichwa kwa kalamu. Cha ile ya breki kilisomeka 10.9, daraja la nguvu yake. Cha Yoeli kilikuwa na herufi, na tarakimu nyingine. Kisha mtu yule akaeleza kwamba hiki kisichoshika kutu ni chuma laini zaidi. Kwa kibao cha namba, kizuri sana. Kwenye breki kitavutika, kitalegea, na siku moja kitakatika. Yoeli alimwomba arudie. Akarudia polepole, kama anavyosemeshwa mgeni, ingawa Yoeli alikuwa ameelewa mara ya kwanza.

Alipiga simu Louisville jioni hiyohiyo. Dafroza alianza kwa kumsifu, na alipomaliza kumsifu maneno ya Yoeli yalikuwa yamebadilika, akauliza habari za mkono. Alipiga tena mara mbili. Mwishowe alijiambia kwamba jambo kama hili husemwa ana kwa ana, na harusi ilikuwa Juni.

Utani wake haukungoja Juni. Agata, dada mkubwa wa Dafroza, aliuchukua kama mkufu akauvaa kila mahali. Hyacinthe akaitwa Mnyonga Jogoo, kanisani, ghalani, hata na watoto. Kisha utani ukawa swali: aliyeshindwa na bolti mbili atashika nyumba? Agata alitaka harusi isogezwe mwaka mzima. Fides alilia, na harusi ikaachwa palepale kwa sharti moja: gari la Hyacinthe, ambalo ndilo lingembeba bibi harusi, lisipandwe na mtu mpaka Yoeli alikague kwa mkono wake, na Yoeli ndiye aliendeshe.

Basi asubuhi ya harusi, sebuleni kwa Dafroza, kati ya vikombe vya chai na sahani za maandazi, Yoeli alisimama. Hyacinthe alikuwa mlangoni na suruali ya mazoezi, ameleta gari likaguliwe.

"Kijana huyu hana kosa," Yoeli alisema. "Bolti nilizichagua mimi, na nilikosea. Niliweka chuma laini kwenye breki. Na nimelijua hilo tangu Machi."

 Dafroza akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mmeona mtu mzima?" Agata alisema. "Anabeba mzigo usio wake ili mtoto wa watu asiingie kanisani na aibu."

Wakapiga makofi. Yoeli akataja muuzaji wa vipuri, akataja 10.9, akatoa sumaku mfukoni awaonyeshe. Wakaanza kucheka kwa upendo, kwa sababu sumaku ile waliijua, ndiyo iliyopindisha ndege. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumwona mkubwa. Dafroza alimwekea andazi jingine kwenye sahani. Hyacinthe aliwekewa heshima yake pia, kidogo, ile anayopewa aliyesamehewa.

Nje gari lilikuwa limeoshwa hadi ndani ya magurudumu, utepe mweupe umefungwa mbele. Hyacinthe alitoa mfukoni kipande cha bolti kilichokatika, shingo yake imevutika ikawa nyembamba.

"Mzee, miye nilijua," alisema. "Nilikaza kiloko tu, kidogo hivi. Ilikuwa inavutika sawa mupira. Niliwaambia, wakasema, hapana, ni bolti ya mzee Yoeli."

"Mwanangu, nimesema leo mbele yao wote."

"Ungesema siku ile." Kijana hakupandisha sauti. "Bon, simu ilikuwa kwa spika. Miye nilikuwa hapo, nimekaa karibu ya Fides. Na miye nilicheka."

Yoeli alichuchumaa akakagua breki, kisha akamnyooshea ufunguo. Alimwambia aendeshe yeye, gari ni lake, kazi ameifanya vizuri kuliko fundi yeyote. Hyacinthe aliweka mikono nyuma.

"Watasema tena ni huruma yako."

Kutoka ngazini Agata aliita kwamba gari lizungushwe kwanza, watu walione. Dafroza alisimama kando yake na mkono wake uliopona, anatabasamu kwa uso wote. Yoeli akaingia, akasogeza kiti kilichokuwa kimepimwa kwa miguu mirefu kuliko yake, akawasha.

Hyacinthe alikwenda nyuma ya gari, akatazama kushoto na kulia kama hakuna mtoto anayecheza, akainua mikono miwili kumwongoza. Njoo, vilisema viganja vyake kwenye kioo. Njoo, mzee, njia ni nyeupe. Yoeli alimwona vizuri. Aliweka gia ya kurudi nyuma, gari likatetemeka chini yake, na mguu wake ukabaki juu ya breki.