Jina Lililorukwa Harusini

Sakariye alisema ngoma haitaingia ukumbini, na alisema kwa ile sauti yake ya upole inayomkera mtu kuliko matusi. Alikuwa ameketi sebuleni kwa mama yao, mtaa wa Waberi mjini Garissa, kikombe cha shaah ya maziwa mkononi. Ruqiya alikuwa karibu kuolewa, baba yao alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo kaka huyu mkubwa ndiye aliyekuwa walii wake. Asipoketi yeye mbele ya sheikh hakuna nikahi. Sakariye alilijua hilo, na Ruqiya alijua kwamba kaka yake analijua, na hapo ndipo hasira ilipompanda.

"Nikahi nitasimamia, walaal, dada yangu," alisema. "Lakini siku ya shaash hapana ngoma. Niahidi sasa, mama akisikia."

Shaash ni kilemba cha mke wa mtu. Wiki moja baada ya nikahi wanawake humketisha bi harusi katikati yao wakamfunga hicho kilemba, na anapofungwa mama yake humwimbia buraanbur, mashairi ya wanawake yanayotaja watu wake: baba, babu, kisha ndugu zake wa kiume mmoja baada ya mwingine, kila mtu na sifa yake. Asiyetajwa ni kama hakuzaliwa. Sasa mama yao, Maka, hakuwa mwimbaji wa kubahatisha. Alikuwa akichukuliwa kwa gari kwenda kuimbia mabinti wa watu Ijara, mara nyingine hata Banissa huko mpakani, na wazee wa kiume walikuwa wakijifanya wanapita karibu na ukuta ili wamsikie. Ruqiya alikua akiingoja zamu yake. Alikuwa hajawahi kuomba kitu kingine cha harusi, si dhahabu wala gari la maua.

Na anayekataza ni nani? Ni huyu huyu aliyemfundisha kusikiliza.

Ruqiya alipokuwa mtoto ambaye hajaanza shule, Sakariye alikuwa mvulana mwenye redio kaseti na wazimu wa nyimbo. Jioni walikuwa wakitandika mkeka uani, naye anamwekea dada yake wimbo, anausimamisha katikati, anamuuliza: umesikia udi umeingia wapi? Rudia. Sasa umesikia? Mtoto akikosea, wimbo unarudishwa nyuma. Akipatia, anapewa tende. Ruqiya alijua kutofautisha sauti za waimbaji kabla hajajua kuandika jina lake. Na mama yao akianza kuimba jikoni, Sakariye ndiye aliyekuwa akimshika mkono na kumnong'oneza, "Huyu anawashinda wote wa kwenye kaseti. Msikilize anavyokata mwisho wa mstari."

Halafu Sakariye akaenda kusoma Nairobi, akarudi na ndevu na maoni. Kaseti zote alizirekodia mawaidha juu yake, moja baada ya nyingine, kwa utulivu kabisa kama mtu anayepaka ukuta rangi. Ruqiya hakuwa na ugomvi na mawaidha. Swala tano alikuwa anaswali, na hakuna aliyemsukuma. Ugomvi wake ni kwamba hakuulizwa. Alikuwa amerudi kutoka shuleni akabonyeza redio apate udi, akapata mtu anamkaripia.

Basi akajitafutia. Bwenini alisikiliza rap za Nairobi, waya wa simu umepita chini ya hijabu, mwalimu wa zamu akidhani msichana anarudia Qurani kimoyomoyo. Baadaye ikaja Bongo Fleva, na nyimbo za mapenzi za kulia bila sababu, maana umri ule mtu hulia tu. Alipoajiriwa ofisi ya mifugo hapo mjini alikuwa ameshachoka nazo zote, na ndipo alipogundua kitu kilichomshangaza. Katika kila wimbo alioupenda, tangu utotoni hadi hapo, alikuwa anatafuta pale mwimbaji anapokata mwisho wa mstari. Alikuwa anamtafuta mama yake. Kuanzia siku hiyo akaanza kufuata harusi za wanawake kila wikendi, akijifunza buraanbur kwa masikio, akitunga mistari njiani kuelekea kazini.

Lakini Maka mwenyewe alikuwa ameacha kuimba. Hakukatazwa na mtu kwa maneno. Mwanawe alikuwa akiinuka na kutoka kila mama anapofungua kinywa, basi, na mama gani atastahimili mtoto amtokee namna hiyo kila siku? Akafunga kinywa. Garissa nzima ikasema masikini Maka amezeeka, na Ruqiya alitamani kuwazaba makofi.

Sasa hapo sebuleni aliahidi. Angefanya nini? Alisema ngoma haitapigwa, wallahi, na Sakariye akatabasamu akamalizia shaah yake. Alipoondoka tu, Ruqiya akamgeukia mama. Alisema ngoma haina neno, iache. Waimbe kwa mdomo na makofi, hilo Sakariye hakulikataa.

Maka alikuwa anakunja shuka ambayo ilishakunjwa. "Nimeacha, hooyo, mwanangu," alisema. "Kaka yako hapendi."

"Na mimi ninachopenda?"

Mama akaikunjua shuka, akaanza kuikunja upya. Ruqiya alitoka nje akasimama kwenye jua kali, akamchukia kaka yake kwa moyo wote, na kwa mara ya kwanza akamchukia mama yake pia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nikahi ilipita vizuri. Sakariye alitamka aliyotakiwa kutamka, watu wakala nyama ya mbuzi. Siku ya shaash ikafika, na Sakariye, kwa wema wake, alikuwa amekodi ukumbi na kupanga kila kitu. Wanawake ndani, wanaume wa nyumbani wanakula chini ya hema nje. Aliweka spika mbili kubwa hapo hemani, zimeunganishwa na za ndani, ili kaswida aliyoichagua iwafikie watu wote. Kaswida yenyewe ilikuwa sauti za watu zilizopikwa kwenye kompyuta mpaka zikalia kama kinanda. Hakuna ala, alisema kaka. Ruqiya aliisikiliza kwa yale masikio aliyotengenezewa na mtu huyo huyo, akawaza kwamba mtu akitaka kinanda si apige kinanda.

Wanawake walikaa na diraa zao nzuri kama watu waliokuja kusubiri daktari. Shangazi yao, Eeddo Ebla, dada wa marehemu baba, akakichukua kilemba. Kaswida ikazimwa ili akifunge. Ukumbi mzima ukamtazama Maka. Maka akatazama mikono yake.

"Haya, mimi nafunga tu," Ebla akasema kwa huzuni. "Hii kilemba itafungwa kimya, kama ya maiti."

Hapo Ruqiya akainuka, kilemba kimekaa nusu kichwani, akamnyang'anya binamu yake Weris maikrofoni iliyokuwa inangoja mtoa mawaidha. Bi harusi hajiimbii. Ni aibu, ni kama kujisifu mbele ya watu na kujiposa mwenyewe. Wanawake wakavuta pumzi. Ruqiya akaimba.

Aliimba bila ngoma, kama alivyoahidi. Mstari wa kwanza sauti ilitetemeka, wa pili ikakaa, na kufikia wa tatu makofi yalikuwa yameanza yenyewe. Alimtaja baba yake na visima alivyochimba. Alimtaja babu. Sauti ilitoka mpaka hemani kupitia spika za Sakariye, na huko vijiko vikasimama, maana kila mwanaume pale alikuwa amelelewa na mashairi haya na anajua kinachofuata. Zinafuata sifa za ndugu wa kiume, kuanzia mkubwa.

Ruqiya akamtaja Daud, wa pili, aliyempeleka shule. Akamtaja Abdihafid, kitinda mimba, mcheshi wa nyumba. Akakata mstari pale pale, kwa namna ya mama yake, akanyamaza.

Makofi yakafa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtoto wa kwanza wa Maka alikuwa amerukwa mbele ya ukoo mzima, na nje, chini ya hema, alikuwa amekaa katikati ya watu waliokuwa wanaangalia sahani zao ili wasimwangalie yeye. Ruqiya alijua kwamba amesikia. Sakariye asingeweza kukosa kusikia. Alifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa kali mdomoni.

Ndipo Maka aliposimama.

Alisimama taratibu, akapandisha shali begani, na kinywa kilichofungwa miaka yote ile kikafunguka. Ilikuwa sauti ile ile. Haikuwa imezeeka hata kidogo. Wanawake wazima walianza kulia kabla hajamaliza neno la kwanza, na Ruqiya naye akalia, kwa kuwa hii ndiyo sauti aliyoitafuta kwenye nyimbo za dunia nzima, na imekuja siku yake, kwenye kilemba chake.

Kisha akasikia maneno. Mama alikuwa anamwimba Sakariye. Mzaliwa wangu wa kwanza, alisema, nguzo iliyobaki baba alipoondoka, nani anathubutu kuruka jina lake. Hakumtaja Ruqiya. Alikuwa anaziba pengo la mwanawe, mstari juu ya mstari, mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga.

Weris akamgusa mkono. "Peleka mic kwa mathako," akanong'ona. "Wasikie huko nje."

Ruqiya alikuwa ameishika maikrofoni kifuani. Mama yake alikuwa hatua chache tu mbele yake, macho ameyafumba, akiimba. Ruqiya akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akaizima.