Jina la Mkwe

Usijifanye hujui. Mbolea ya ruzuku inapakiwa mchana kweupe, inapita mlangoni kwako kwenda kuuzwa Kibaigwa, nawe unainama kama mtu anayetafuta kuku. Ulifanya hivyohivyo enzi za vocha za pembejeo, marehemu walipoandikiwa mbolea na wazima wakaambulia vumbi. Umesahau, siyo? Dorkasi hajasahau.

Mahindi ya mjane huyu yalikuwa yamefika magotini, yameanza kugeuka manjano, na mvua ya Ugogo haina simile, ikikata imekata. Akaenda kwa Swedi, wakala wa pembejeo, kuchukua mifuko yake. Swedi akabonyeza simu, akakuna kichwa.

"Mama, ya kwako imeshatoka."

"Imetoka imekwenda wapi? Ina miguu?"

"Mzee wako alikuja na namba yako ya siri. Akasema umemtuma. Akachukua na ya wajane wengine."

Mzee huyo ni baba wa marehemu mume wa Dorkasi, mjumbe wa serikali ya kijiji. Ndiye aliyewaandikisha wajane wote kwa simu yake mwenyewe, eti awapunguzie usumbufu.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, mwenyekiti Elisha alieleza kwa kifupi: mbolea imekuja, imegawiwa, ahsanteni.

"Soma majina ya waliochukua!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Majina ni siri ya mkulima. Ila kama kuna anayemjua mwizi, asimame amtaje."

Akasema hivyo akimtazama Dorkasi, na meno nje. Alijua. Kwao mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, hata akiwa amekabwa koo. Dorkasi ana mtoto aliyerithi jina hilo, na tangu amzae humwita Babu.

Alisimama.

"Ni mkwe wangu."

"Shemeji," Elisha akajibu, "wakwe zako ni nusu ya mkutano huu! Tumkamate yupi?"

Watu wakacheka. "Aseme rangi ya koti!" mmoja akadakia.

"Au amwonyeshe kwa kidole!"

"Kidole hakiandikwi kwenye muhtasari," Elisha akasema. "Nataka jina."

Mzee mwenyewe alikaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu, akimtazama mkwewe kwa upole, kama unavyomtazama ng'ombe uliyemfunga vizuri. Dorkasi akilitamka jina, nani atamwitikia salamu? Shamba lenyewe ni la ukoo. Kesho wanaweza kumwambia afungashe. Asipolitamka, mahindi yanaungua, na wanawe watakula nini ikifika mwezi wa tisa?

"Nathanaeli," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, haikufika hata kwa mwenyekiti. Akarudia kwa nguvu: "Nathanaeli! Mjumbe wako huyo hapo. Kachukua mbolea yangu na ya wenzangu."

Kicheko kikafa. Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Mzee akashusha mguu taratibu, akauweka chini.

"Umevunja mwiko bure," Elisha akasema, na sasa hakuwa na utani. "Neno la mtu mmoja si ushahidi. Nani wa pili?"

Swedi, aliyeegemea ukuta, ghafla akapata cha kusoma kwenye simu. Wajane wakatazama vidole vya miguu yao.

"Hakuna? Basi nafunga mkutano, na huyu mama atamlipa mzee mbuzi kwa kumvunjia heshima."

Dorkasi bado amesimama. Hakai. Anageuka, anapitisha macho mstari kwa mstari, akitafuta mkono hata mmoja, na mwenyekiti ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Sasa wewe, uliyeona mifuko ikipita, unamsubiri nani? Inua mkono. Sema ulichokiona, dai majina yote yasomwe hadharani, hapo na kwenu pia, kabla mkutano haujafungwa. Si kesho. Simama!