Mkalimani Anaomba Kusema

Mahakamani nina sheria moja tu, nayo naiapia kila kesi inapoanza, mkono wa kulia juu: sitaongeza, sitapunguza. Mshtakiwa akitukana, natukana. Hakimu akifoka, nafoka. Siku moja shahidi alimwita wakili nguruwe mwenye tai, nami nikamgeukia wakili na kumwambia, kwa macho makavu, kwamba yeye ni nguruwe mwenye tai. Watu walivunjika mbavu. Mimi sikutabasamu. Miaka kumi na minane nafanya kazi hiyo na sijawahi kukemewa.

Shida yangu huanza nikitoka nje ya lile lango. Kwa watu ninaowapenda ulimi wangu una sukari. Miaka sita iliyopita mdogo wangu alizimia kwenye mashine yake ya kufuma sweta, tukamkimbiza hospitali, na daktari wa zamu alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili. Nikatafsiri mimi. Daktari alisema, "Mwambie ana kisukari cha kuchoma sindano maisha yake yote. Akiacha, atakufa ndani ya siku chache." Nilimtazama mdogo wangu pale kitandani, midomo imemkauka, nikamwambia, "Anasema uchome sindano kila siku, ukiacha utadhoofika." Daktari akaniuliza kama ameelewa. Nikasema ameelewa. Wauguzi waliofuata wote walidhani jambo lile amekwisha kuambiwa.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyefanywa mzee wa kanisa. Siku niliyosimikwa, Mchungaji aliniwekea mikono kichwani akaniambia kazi ya mzee ni kukaa mlangoni, kuangalia nani anaingia kwenye kundi na anaingia na nini. Niliitikia kwa moyo wote. Na mwaka huu, Mchungaji alipomwalika mhubiri kutoka mbali kwa semina ya siku nne, ilikuwa wazi ni nani atakayesimama pembeni yake kutafsiri.

Mgeni alikuwa mrefu, sauti nene, viatu vinang'aa kama vioo. Alhamisi alihubiri saa nzima vizuri tu. Kisha akainua mkono akasema, kwa lugha yake, "Roho amenipa neno ambalo halimo katika kitabu hicho mlichoshika."

Mchungaji alikuwa kiti cha mbele, ametabasamu, anasubiri sehemu yangu. Viti vya kukodi vilikuwa vimejaa hadi barazani. Nilikuwa na pumzi moja ya kuamua.

"Roho amenipa neno lililomo katika kitabu hicho mlichoshika," nikasema.

Wakaitika Amina. Ya Mchungaji ilisikika kuliko zote.

Ijumaa Mgeni akasema dawa za hospitali ni mkataba ambao mgonjwa ametiliana sahihi na ugonjwa wake. Mimi nikasema, "Unapomeza dawa, usisahau kuomba." Jumamosi asubuhi akasema wachungaji wetu wametulisha woga. Nikasema wametulisha vyema. Siku tatu nilikuwa namwosha yule mtu kama sahani, na kila jioni nilirudi nyumbani nikijipongeza kwamba kundi halijadhurika. Nilijiona nimekaa mlangoni barabara.

Jumamosi mchana wazee tulikutana. Mchungaji, ambaye kwa siku tatu alikuwa amemsikia mhubiri safi kabisa, alipendekeza Mgeni apewe kile chumba cha pembeni awaombee watu mmoja mmoja. Huko atatafsiriwa na mkewe, mwanamke mpole mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Nilifahamu kwamba yule mama hajui kuosha sahani. Nilitaka kupinga, lakini ningesema nini? Kwamba mhubiri wanayemsifu ni mimi? Nikanyoosha mkono na wenzangu, tukapitisha.

Jumapili saa moja asubuhi nilifungua friji kutafuta maziwa. Dawa za mdogo wangu hukaa mlangoni, pale penye matundu ya mayai, ndani ya kimkoba cha bluu. Palikuwa na mayai mawili na nusu limau.

"Mkoba wako uko wapi?"

Alikuwa kwenye sinki anakunywa maji. Alimaliza glasi, akajaza nyingine. "Nimemkabidhi Mgeni jana saa kumi. Aliuombea, akauweka mezani pamoja na vya wenzangu."

"Jana jioni ulichoma?"

"Dada, nimekwambia nimekabidhi."

"Na asubuhi hii?"

Akanywa. Ilikuwa glasi ya tatu, nilihesabu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi ndefu, na nyumba yetu haina ngazi.

"Nani kakwambia uache dawa?"

"Yeye. Mkewe akanifafanulia." Alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Mwanzo niliogopa, nisikufiche. Halafu nikajiambia, huyu mtu Dada amemtafsiri siku tatu. Angekuwa na kasoro, Dada angekuwa wa kwanza kupiga kelele. Na likiwa baya, baya lenyewe ni lipi? Nitadhoofika kidogo. Kudhoofika nakumudu."

Nilifunga mlango wa friji. Nilifungua mdomo nimweleze daktari alisema nini hasa miaka ile. Hata pale, saa inakimbia, ulimi ulienda kwenye sukari yake.

"Utaumwa sana," nikasema. "Twende hospitali."

"Naenda kanisani, leo natoa ushuhuda."

"Nitakubeba mgongoni."

"Nibebe. Lakini hakuna atakayenichoma sindano bila mimi kutaka, hata uje na jeshi." Kisha akacheka, kwa sababu tangu utotoni hakuna aliyewahi kumshinda kwa ubishi, na akaenda kuchagua kitambaa cha kichwani.

Nilimkuta Mchungaji ofisini kwake, chumba chembamba nyuma ya madhabahu, chenye kabati la vitabu vya nyimbo na meza iliyokatika mguu mmoja. Nilipoingia alifunga droo haraka, kama mtu aliyefumaniwa. Sikujali. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: neno la Alhamisi, la Ijumaa, la Jumamosi, na friji.

Alinitolea macho. "Kwa hiyo siku tatu nimekuwa nikimwitikia nani Amina?"

"Mimi, Mchungaji."

"Nilimpa chumba kile kwa maneno yako wewe!"

"Najua."

"Nilikuweka mlangoni!"

Alikaa kitini, akaanza kufunga kamba ya kiatu, akaiacha. "Na mimi sikumuuliza hata swali moja," akasema polepole. "Barua yake ilikuja na mihuri mitatu. Nikahesabu mihuri."

Nje kwaya ilikuwa imeshaanza. Nikamwambia mdogo wangu hatakubali sindano maadamu anamwamini yule mtu, na kila saa inayopita inamla. Akaniuliza kama amfukuze sasa hivi. Nikamjibu watu watasema anamwonea wivu mgeni, na wa kwanza kusema atakuwa mdogo wangu.

"Basi leo tafsiri kama mahakamani," akasema. "Neno kwa neno. Wamsikie wenyewe. Akivuka mpaka, nitasimama."

Ulikuwa mpango mzuri. Tulisahau jambo moja.

Mdogo wangu alikaa safu ya tatu, chupa ya maji mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Mgeni hakuchelewa. "Roho amenipa neno ambalo halimo katika kitabu hicho," akasema, nami nikalisema vilevile, wazi, kila silabi mahali pake.

"Amina!" wakaitika.

Nilidhani hawajasikia. Nilimtazama Mchungaji, naye akanitazama.

"Kila mwenye dawa nyumbani ana mkataba na ugonjwa. Auchane leo."

Nikasema. Amina ikawa kubwa zaidi, akina mama wakapiga makofi. Hapo nikalikumbuka tulilosahau. Watu hawa wamenisikia miaka mingi nikisoma matangazo, nikifundisha watoto wao, nikiwazika wazazi wao. Sauti waliyoiamini ilikuwa yangu, na hiyo haikuwa imebadilika. Ningeweza kuwasomea orodha ya bei za sabuni wakaitika.

Mchungaji akasimama kama alivyoahidi. Mgeni akamwona, akamnyooshea kidole. "Mzee huyu amewalisha woga. Leo msimsikilize."

Nilitafsiri na hilo. Amina zilikuwa chache safari hii, na moja ilitoka safu ya tatu. Mchungaji alifungua kinywa kusema, makelele yakammeza.

Kule mahakamani mkalimani hana mdomo wake. Akitaka kusema lolote la kwake mwenyewe, lazima ajitaje kama mtu mwingine, kisha ukumbi wote unanyamaza, kwa sababu jambo hilo hutokea mara chache. Sikulipanga. Lilinitoka.

"Mkalimani anaomba kusema."

Sikutumia kipaza sauti. Mahakama yetu haina vipaza sauti.

"Maneno mliyoyasikia Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi hayakuwa ya mtu huyu. Yalikuwa yangu. Alhamisi alisema neno lake halimo kitabuni, mimi nikasema limo. Ijumaa alisema dawa ni mkataba na ugonjwa, mimi nikasema ombeni mkimeza. Jana alimtukana Mchungaji, mimi nikamsifu Mchungaji. Niliyabadilisha kwa hofu ya aibu. Anayohubiri hasa ni haya ya leo, na mimi mzee wenu nasema ni ya uongo."

Mgeni aliinama sikioni mwangu. "Unawaambia nini?"

Nikamtafsiria, neno kwa neno. Ndiyo kazi.

Aliyefuata kusema ni mdogo wangu. Alisimama akishika kiti cha mbele yake. "Sasa nimwamini nani, Dada? Wewe wa Alhamisi au wewe wa leo?"

Ukumbi wote ulinigeukia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, kwa maana swali lilikuwa la haki.

Mchungaji alipanda madhabahuni. Hakumtazama Mgeni. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya vidonge iliyokunjamana, akabonyeza kimoja kikamdondokea kiganjani.

"Presha," akasema. "Miaka kumi na mmoja nameza ofisini nikiwa nimefunga mlango, msije mkanidhania nina imani haba. Mkinisifu afya, nanyamaza. Mlisifu kidonge hiki. Huyu bwana amepanda kwenye shamba nililomlimia mimi mwenyewe." Alichukua glasi ya maji ya Mgeni pale mimbarini, akameza kidonge mbele yetu sote, akarudisha glasi ikiwa tupu. Kisha akaniambia, "Muulize dawa za watu ziko wapi."

Niliuliza. Mgeni alitazama dari. Aliyejibu ni mkewe, kutoka safu ya mbele, kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nyumba ya wageni. Ndani friji. Yeye alisema tupa. Mimi hapana tupa." Mumewe alimgeukia, lakini yeye alikuwa ameshanyanyuka, anaelekea mlangoni na ufunguo mkononi.

"Mwambie semina imekwisha," Mchungaji akasema.

Nilimtafsiria Mgeni bila kuongeza wala kupunguza, ingawa kuongeza nilitamani.

Mdogo wangu tulimwingiza ofisini tukiwa tumemshika makwapa. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva mno, na macho yalikuwa mazito. Nje gari la Mchungaji lilikuwa linanguruma kutupeleka hospitali. Yule mama alirudi mbio, akamwekea kimkoba cha bluu magotini, kingali baridi. Mdogo wangu hakukifungua.

"Dada tu abaki," akasema.

Wakatoka. Tukabaki na kabati la vitabu vya nyimbo.

"Apa," akasema.

"Niape nini?"

"Kama unavyoapa kule kwa watu usiowapenda."

Niliinua mkono wa kulia. "Sitaongeza. Sitapunguza."

"Yule daktari alisema nini?"

"Alisema ukiacha sindano utakufa ndani ya siku chache."

Alinitazama. Nilitaka aangalie pembeni, hakuangalia. "Miaka sita, Dada."

"Miaka sita."

"Na sasa hivi? Nakufa?"

Ulimi ulitafuta sukari yake. Ulizunguka mdomo mzima, ukaikosa.

"Ndiyo," nikasema.

Alivuta zipu ya mkoba, akainua ncha ya blauzi yake.