Kidole Gumba Kikaelekea Chini

Mama alirudi kutoka kwenye mtihani akiwa na njaa na furaha, akavua viatu mlangoni, akatangaza kwamba mwaka huu fizikia imemwogopa.

Binti yake alikuwa jikoni anakata vitunguu. Binti huyu, tuseme ukweli, hana subira hata ya kungoja chai ipoe, na miezi yote hii amemfundisha mama yake kwa mdomo mkali. Mama husafisha chumba cha picha za eksirei hospitalini, ambako wenzake humwita Profesa kwa kumtania. Hospitali imekubali kumsomesha awe msaidizi wa kupiga hizo picha, mradi afaulu fizikia. Alishafeli huko nyuma, na mwakani umri wake hautakubaliwa tena.

"Lile swali la jiwe lilikuja?" Binti aliuliza.

"Likose? Kila mtihani kuna mtu yuko juu ya ghorofa anadondosha mawe. Sijui hana kazi! Nikatafuta kasi yake, nikaipata. Na lile gari la breki nikalisimamisha vizuri tu." Mama alijimiminia maji. "Halafu ukaja waya katikati ya sumaku. Wanataka kujua utasogea juu au chini. Swali lina alama nyingi hilo, mwanangu."

"Ukafanyaje?"

Mama aliweka glasi mezani, akainua mkono wa kulia na kutanua vidole vitatu kama alivyofundishwa. Kidole cha shahada, uga wa sumaku. Cha kati, mkondo wa umeme. Kidole gumba, upande ambao waya utasogea. Kidole gumba kikaelekea chini.

"Chini!" akasema, akacheka.

Binti aliacha kukata. Kisu kilikuwa katika mkono wake wa kushoto, maana ndio anaoutumia tangu utotoni, hata kuandikia. Siku alipomfundisha mama somo hili aliona uvivu kuweka kalamu chini, akaonyesha kwa mkono uliokuwa mtupu, yaani wa kulia. Na kanuni ya waya unaosukumwa na sumaku ni ya mkono wa kushoto. Ukitumia wa kulia, jibu linageuka kinyume.

Kuna jingine alilolikumbuka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Siku hiyo hiyo mama aligusa mchoro kitabuni, akauliza kwa upole, "Mbona hapa wamechora mkono wa kushoto?" Naye akamjibu, "Mama, aliyesoma ni mimi au wewe? Fuata mkono wangu, maswali baadaye." Wakafunga kitabu bila kulirudia.

Angeweza kunyamaza. Machozi yalikuwa yanamtoka tayari, na vitunguu vingebeba lawama.

"Mama, nimekuponza," alisema. "Ni mkono wa kushoto. Jibu ni juu. Kosa ni langu, si lako."

Mama alivuta kiti, akaketi. Alitazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto.

"Kumbe ni juu," alisema polepole. "Ndivyo nilivyoandika mwanzo. Nilikumbuka ule mchoro. Halafu nikakusikia unanifokea, kana kwamba umesimama nyuma ya kiti changu. Nikaona aibu, nikalifuta jibu, nikaandika chini."

Binti alikosa pa kuweka uso. Kama kosa lingekuwa la mkono tu, angesema alipitiwa. Lakini sauti ilikuwa yake, na ilimfuata mama yake mpaka ndani ya chumba cha mtihani.

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Nawa mikono. Kesho kutwa kuna karatasi ya pili ya mtihani, ya mawimbi, huenda ikatuokoa."

Waliketi mezani. Binti aliweka kalamu mbali, akalaza mikono yote miwili juu ya meza. Mama alifungua sura ya mawimbi, akasoma swali la kwanza kimyakimya, akasimamisha kidole kwenye mstari mmoja. Kisha akainua macho.

"Kuna kitu sijaelewa hapa," alisema. "Nikiuliza, hutakasirika?"