Kigae cha Bafuni

Mashine ilinikataa mchana kweupe, mbele za watu. Niliweka vidole juu ya kioo, vya kulia, vya kushoto, gumba. Wapi! Karani akanifuta vidole kwa kitambaa, tukarudia, ikagoma vilevile.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

"Fundi vigae. Si ndiyo viza ninayoombea?"

"Basi saruji imekula alama za vidole. Pumzisha mikono wiki mbili, urudi. Ikikataa tena, ombi linafungwa."

Jamani! Kampuni ya huko ninakotaka kwenda imenichagua kwa ajili ya mikono hii hii. Na kibali changu cha kuishi katika nchi hii ya watu kinaisha mwisho wa mwezi. Huko mfanyakazi anaruhusiwa kuleta familia. Hapa wamekataa katakata. Binti yangu ana miaka minne, na mimi namjua kwa simu. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma.

Dada yangu, ambaye naishi kwake, akafungia mwiko wangu wa saruji kabatini na ufunguo akauchomeka kwenye sidiria. "Haya, njoo uuchukue humu," akasema. Asubuhi na jioni akanipaka mafuta ya mgando, akanivalisha soksi mikononi. Nilikuwa kichekesho cha nyumba.

Lakini kukaa bure, nyie, acheni tu. Nilipanga viatu, nikavipangua. Nilihesabu vigae vya jikoni nikakuta fundi wake alikuwa mlevi. Na bafuni, karibu na tundu la maji, kulikuwa na kigae kimoja kimelegea. Ukikikanyaga, ko. Dada akienda kuoga, ko. Akitoka, ko. Mwenyewe alishazoea, mimi kilikuwa kinanitukana.

Siku ya kumi na moja simu yangu ikafunguka kwa kidole gumba, jambo ambalo haijawahi kufanya tangu niinunue. Niliifungua na kuifunga mpaka chaji ikaisha. Mke wangu nilipomwambia alipiga vigelegele, akaanza kuuliza huko baridi ikoje.

Siku ya miadi ikafika, natakiwa saa nane mchana. Dada kaenda kazini. Nikaoga: ko. Nikarudi kupiga mswaki: ko. Nikajiambia, kigae kimoja tu, dakika kumi. Nilikibandua kwa kisu cha mezani, nikakoroga saruji iliyobaki kwenye kopo chini ya sinki. Na glovu za dada za kuoshea vyombo nilivaa, msinionee. Ila fundi huujua usawa wa kigae kwa kupitisha kidole kwenye ungio, na glovu haisemi kitu. Nikavua moja. Halafu na ya pili. Saruji ilipoanza kukaukia kwenye ngozi, nikaisugua kwa waya wa kusugulia masufuria. Kigae kilikaa sawasawa, na sitadanganya, nilisikia raha.

Karani alinikumbuka. Mkono wa kushoto, vidole viwili vikasomeka. Wa kulia, hakuna hata kimoja.

"Kaka, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Alinionea huruma, akajaribu mara sita. Kisha akasema pole, ombi limefungwa.

Dada alinikuta nimeketi sebuleni. "Vipi?"

"Mashine yao mbovu."

Akaitukana ofisi nzima kwa niaba yangu, kuanzia mlinzi hadi mkubwa wao, mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu. Halafu akachukua taulo akaenda kuoga. Nikatega sikio. Kimya. Nikamsikia akirudi nyuma, akakanyaga tena, safari hii kwa kisigino. Kimya.

Akatoka na taulo begani. Simu yangu ikaanza kuita mezani, mke wangu, na dada ndiye aliyeipokea akanishikisha mkononi.

Ilikuwa sauti ya binti yangu. "Baba, mama anauliza, mashine imesoma?"

"Imekataa, mwanangu." Dada bado alikuwa ananitazama. "Baba alikuwa anatengeneza bafu."