Nyati Huja Kushonwa

Fundi wa mahema alikuwa barazani akipinda ukingo wa mlango wa hema, nyati alipolisukuma lango kwa pua na kuingia. Alikuwa dume mzee mwenye tundu begani, na damu ilimchuruzika hadi kwatoni. Fundi alimtazama, kisha akautazama mshono wake. Zilikuwa zimebaki shubiri mbili tu.

"Ngoja nimalize hapa," alisema. "Lala pale kivulini, na usinikanyagie turubai."

Nyati akalala. Fundi alimaliza ukingo, akakata uzi kwa meno, akachukua sindano nene ya kushonea kona za hema na kuitia uzi uliopakwa nta. Kwanza alichokonoa tundu kwa koleo, akaitoa risasi. Haikuwa imefika mbali. Ilikuwa imegota kwenye mfupa wa bega na kupondeka ikawa bapa kama kofia ya uyoga. Aliidondosha katika kopo la maziwa ya unga zilimokuwa risasi nyingine, akaanza kushona. Ngozi ya nyati haitofautiani sana na turubai lililolowa, ukivuta uzi kwa pupa inachanika.

Mumewe aliingia wakati fundo la mwisho linapigwa. Yeye kazi yake ilikuwa kusoma nyayo katika kampuni ya uwindaji, ileile iliyompa mkewe mahema ya kushona. Tangu asubuhi alikuwa akifuata damu, bonde baada ya bonde, na damu ikamleta nyumbani kwake.

"Ni huyu?" aliuliza.

"Ni huyu. Vua viatu, nimeshafagia."

Kazi hiyo mume aliirithi kwa shemeji yake, kaka wa Fundi. Kaka naye alifuata damu, maana nyati aliyejeruhiwa hakimbii moja kwa moja. Huzunguka, akajificha kichakani kando ya nyayo zake mwenyewe, akamngoja anayemfuata. Na anayemfuata kwa kawaida si mwenye bunduki. Mwenye bunduki hubaki garini anakunywa kahawa. Walimzika kaka, mume akapewa kofia yake, na Fundi hakupata tena usingizi wa maana. Kwa hiyo nyati wa kwanza alipoingia uani na jeraha lake, Fundi hakujisumbua kumuuliza nani kamwelekeza. Alifurahi kwelikweli. Nyati aliyelala uani kwake hawezi kuwa kichakani akimvizia mumewe.

Nyati wote waliokuja kushonwa walikuwa wamepigwa na mteja mmoja wa kampuni, ambaye kila mtu alimwita Bosi. Alikuwa mkarimu, mtu wa watu, tatizo lake lilikuwa bega. Risasi nzito huenda polepole lakini hupasua mfupa ikafika moyoni, na mnyama akaanguka karibu. Ila bunduki yake hupiga teke. Bosi aliijaribu mara moja, akalala na bega la zambarau, akaapa kwamba basi tena. Risasi nyepesi ina mbio, inanyooka, na bega halijui kama kuna kilichotokea. Kila msimu mume alimshauri kwa adabu zote atumie nzito. Kila msimu Bosi alimpigapiga mgongoni na kumwambia asome nyayo, risasi amwachie mwenyewe. Na kwa kuwa hakuna nyati wake aliyepatikana, Bosi aliamini kwamba anakosa shabaha, na damu ni ya mikwaruzo tu.

Siku moja Fundi alipiga moyo konde, akabeba kopo hadi kambi ya wawindaji. Bosi alikuwa amekaa chini ya kipenu alichokishona Fundi.

"Shemeji! Karibu, karibu. Umeniletea nini?"

Fundi alimimina kopo mezani. "Risasi zako, Bosi. Nimezitoa kwa mkono wangu. Zote zimeishia begani, hazifiki ndani. Wanaondoka nazo, halafu mume wangu anawafuata. Kaka yangu aliwafuata hivihivi. Nakuomba tafadhali, tumia nzito."

Bosi aliokota moja, akaigeuzageuza. Machozi yalimlengalenga.

"Zote hizi zilipiga?"

"Zote."

"Begani?"

"Begani, Bosi."

"Mama yangu weee! Na mimi nakaa nadhani uzee umeshaniharibu macho!"

Aliinuka akamkumbatia dereva, akamkumbatia na mpishi. Hapohapo akaagiza makasha mengine ya risasi nyepesi, na akaomba aachiwe kopo akaliweke sebuleni kwake.

"Na kaka yangu?" Fundi aliuliza.

"Alikuwa mtu mzuri sana," alisema Bosi, na alisema kwa moyo wote.

Fundi alirudi nyumbani akamsimulia mumewe. Mume alicheka mpaka akashika kizingiti, mwishowe na yeye Fundi akacheka. Kisha mume akang'oa nguzo moja ya lango ili kulipanua, maana yule dume mzee ana pembe pana na alikuwa akikwaruza rangi.

Siku iliyofuata mlio wa risasi ulisikika, mwembamba, wa ile nyepesi. Fundi alitia uzi sindanoni, akabandika chai, akakaa kungoja. Chai ilichemka. Chai ikapoa. Langoni hapakuwa na mtu wala nyati. Akamwona tena akilini kaka yake alivyoletwa siku ile, amefunikwa kipande cha turubai alichokipinda Fundi mwenyewe. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

Ndipo akasikia kwato. Dume mzee aliingia taratibu, mshono wa zamani mzima, tundu jipya kando yake. Mume alikuwa ubavuni mwake, amejishikiza kwenye pembe, anarukaruka kwa mguu mmoja.

"Nimeteguka kule korongoni," alisema. "Huyu alikuwa kichakani ananingoja."

 Fundi alikishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, kisha akakishika cha nyati. Simu ikaita mfukoni mwa mume.

"Nimempiga?" Sauti ya Bosi ilisikika hadi barazani.

"Umempiga, Bosi. Begani."

Kelele za furaha zikajaa simuni. Fundi aliwaambia wakae kivulini wote wawili, akaingia ndani kutafuta kopo jingine.